Ukitoa figo, toa na ukweli

Wale mliozoea kunikuta hapa nikiwachambua akina dada wa saluni na akina kaka wa vijiweni, leo mnisamehe. Wiki hii sina utani mwingi. Nina kisa cha nyumbani kwetu, na wenyewe wameniruhusu nikiandike, mradi majina niyaache mfukoni.

Nilikuwa Mnyambe. Najua nusu yenu mmeshauliza, "Mnyambe ndiyo wapi tena?" Basi bwana, unatoka Dar na basi la alfajiri, unaipita Lindi, unafika Masasi mgongo umekufa ganzi. Hapo unabadilisha gari, unapanda mlima hadi Newala. Sasa uko juu ya uwanda wa Wamakonde, mikorosho kulia, mikorosho kushoto. Mnyambe iko humo humo wilayani Newala. Ni kwetu kwa upande wa mama, na Mmakonde akikuambia kwao ni kwa mama, hatanii.

Kilichonipeleka ni kikao cha ukoo. Dada yetu, mtoto wa mama mkubwa, figo zake zimegoma zote mbili. Yuko Dar, na mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu kwa mashine. Analazwa pale masaa manne, akitoka hapo hata kushika kikombe cha chai ni shughuli. Ana watoto wawili, wa mwisho hajaanza hata shule. Wee acha tu.

Tegemeo lake kubwa ni kupandikizwa figo nyingine. Zamani hiyo ilikuwa habari ya kwenda India. Lakini Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, wakishirikiana na madaktari wa Kihindi, na 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikaanza. Ila figo haiuzwi kwa Mangi. Lazima mtu mwenye mbili akubali kubaki na moja, na mtu huyo ni ndugu.

Mdogo wetu, tumbo moja na dada, alinyoosha mkono kabla hata hajaombwa. Ana miaka 26, utingo wa lori la masafa marefu, mwili jiwe. Wakampima kila kitu: damu, mkojo, moyo, picha za figo, homa ya ini B na C, virusi vya ukimwi. Vyote safi. Kundi la damu linaingiliana. Tarehe ya upasuaji ikapangwa. Ndipo mjomba akatuita wote Mnyambe, tuhesabu fedha za korosho na bibi atoe baraka zake kabla kijana hajapasuliwa.

Hadi hapo mambo shwari, sivyo? Subiri.

Usiku wa kuamkia kikao, mdogo wangu akanivuta nyuma ya nyumba. Nikajua anataka hela ya sigara. Kumbe sivyo.

"Kaka," akasema, "nikwambie kitu usinipigie kelele?"

Akaniambia. Baada ya vipimo vile kutoka safi, maisha yaliendelea na yeye akaendelea na lori. Wiki tatu zilizopita walikwama foleni ya mpakani Tunduma siku nne. Siku ya tatu akapata mwenyeji. Mpira haukuwepo. Halafu juzi juzi hapa homa ikampiga, koo likauma, tezi za shingoni zikavimba. Akameza dawa za malaria, ikapita.

"Mjomba nimemwambia," akaendelea. "Amesema nifunge mdomo. Eti cheti kinasema niko safi, mimi nani wa kubishana na cheti?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya. Mimi, mtaalamu wenu wa ushauri wa kila wiki, wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la mjomba. Nyamaza. Nilimwona dada kwenye mashine, nikawaona wale watoto wawili, nikasema moyoni, mtu asije akaharibu mambo kwa ajili ya usiku mmoja wa Tunduma. Homa gani isiyokuwa malaria? Nikamwambia tulale, tutaongea asubuhi. Usingizi wenyewe haukuja.

Asubuhi nikamkuta bibi kibarazani anabangua korosho. Bibi yetu umri wake hakuna anayeujua kwa hakika, ila anasema ile homa kubwa ya mwanzo ilimkuta ni msichana mdogo, hajavunja ungo. Akaniuliza hao madaktari wa mjini wanapima nini mwilini mwa mtoto siku zote hizo. Nikamwambia wanatafuta virusi, vidudu visivyoonekana kwa macho, visije vikahama na figo.

Bibi akacheka. "Sisi tulikuwa na kidudu chetu hapa," akasema. "Kikikuingia, kijiji kizima kinakuona umepinda kama kibiringo."

Wasomaji wangu wa mjini, hapa naomba mtulie, maana hii ni historia na ni ya kwetu. Mwaka 1952 hadi 1953 homa ya ajabu iliwalipukia watu wa Newala na Masasi. Mtu anaamka mzima, jioni viungo vyote vinamuuma hadi hawezi kunyooka. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa kwenye hospitali ya misheni ya Lulindi, aliandika alichokiona kwa wagonjwa wake. Wataalamu W. H. R. Lumsden na R. W. Ross nao wakaichunguza, na Ross ndiye aliyekipata kirusi chenyewe. Taarifa zao zilichapishwa 1955 na 1956.

Na jina la ugonjwa? Waliwauliza wenyeji. Wenyeji wakasema kwa Kimakonde chao: chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Leo daktari wa Brazili, wa India, wa Ufaransa, wote wanatamka neno la bibi yangu. Wengine tumeipa dunia vinyago, kumbe tumeipa na jina la ugonjwa.

Chanzo kilikuwa mbu, yule mwenye mistari myeupe anayeuma mchana. Uwandani maji ni ya shida, watu walikuwa wanayateka mbali na kuyahifadhi majumbani kwenye vyombo. Mbu wakapata nyumba ya bure.

Nikamuuliza bibi, je, watu walikuwa wanauficha ugonjwa ule? Akaniangalia kama mjinga. "Utauficha wapi na wewe umepinda? Ule ulikuwa ugonjwa wa kweli, mjukuu wangu. Mimi naogopa ugonjwa usiompinda mtu."

Jamani, kauli ile ilinichoma. Bibi hakujua niliyoambiwa usiku. Au alijua, wazee hawa huwawezi.

Lakini hata chikungunya yetu, pamoja na sifa ya ukweli aliyoipa bibi, inajua kujificha. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, kule Kenya. Walipopima watu baadaye wakakuta kama robo tatu ya wakazi wa kisiwa wameshaipata. Ikashuka na bahari hadi Komoro 2005, kisha ikatua Réunion, kisiwa cha Wafaransa. Hadi 2006 karibu theluthi moja ya watu wa pale walikuwa wameugua. Ikabidi wasimamishe kuchangisha damu kisiwani, damu ikawa inaletwa kutoka Ufaransa kwenyewe.

Halafu wakafikiria na macho. Kuna upandikizaji wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kinachotolewa kwa marehemu na kumrudishia kipofu nuru. Watafiti wakapima konea za marehemu wa kisiwani wakati wa mlipuko. Wakakuta baadhi zina kirusi cha chikungunya, na wenyewe hawakuwa wamejulikana kama wagonjwa. Yaani kirusi kilichopewa jina Newala kwa sababu kinampinda mtu, kilikutwa kimelala kimya ndani ya jicho. Hawakungoja mtu adhurike kwanza, walichukua hadhari.

Mnaona ninakoelekea? Kiungo hakisafiri peke yake. Figo, ini, moyo, konea, kila kimoja kinahama na wapangaji wake. Na anayepokea ndiye dhaifu kuliko wote. Mwili unaichukulia figo ngeni kama mwizi kaingia nyumbani. Ili usiishambulie, mgonjwa anameza dawa za kuwatuliza askari wa mwili, tena maisha yake yote. Sasa askari wamelazwa, halafu unamletea kirusi ndani ya zawadi. Kitu ambacho wewe kingekupa mafua ya siku tatu, yeye kinaweza kumlaza wodini miezi.

"Lakini si wanapima?" utauliza. Wanapima. Ila kipimo nacho kina siku zake. Kirusi kikishaingia, kuna muda mwili unacho lakini kipimo hakijakiona, wenyewe wanauita kipindi cha dirisha. Ni siku kadhaa au wiki kadhaa, kutegemea kirusi na kipimo chenyewe. Na hata kipimo bora kuliko vyote kinazungumzia siku ile damu ilipotolewa. Hakizungumzii Tunduma ya mwezi uliofuata.

Msidhani nawatisha na hadithi za kijiweni. Mwaka 2009 kule New York mtu alijitolea figo akiwa hai, kama mdogo wangu. Alipimwa virusi vya ukimwi zaidi ya miezi miwili kabla ya upasuaji, akaonekana safi. Katikati hapo akafanya ngono bila kinga, akakanyaga miwaya, na hakupimwa tena. Figo ikaenda, na virusi vikaenda nayo. Baada ya hapo wakubwa wa afya wa Marekani wakatoa pendekezo: anayejitolea apimwe tena karibu kabisa na upasuaji, zisizidi siku saba, na aambiwe wazi ajichunge katika kipindi hicho.

Kuna na hii ya 2004, huko huko Marekani. Wagonjwa wanne walipewa viungo na kipande cha mshipa wa damu kutoka kwa marehemu mmoja. Wote wanne wakafa kwa kichaa cha mbwa. Baadaye sana ndipo ikajulikana kuwa marehemu aliwahi kuwaambia watu kwamba ameng'atwa na popo. Maneno yalikuwepo, jamani! Yalikuwepo midomoni mwa watu. Hayakufika kwa daktari kwa wakati.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Maabara inapata ile inachokitafuta. Kilichobaki kinajulikana na mtu mmoja tu, naye ni mwenye figo. Akifunga mdomo, hakuna mashine itakayoufungua.

Na wala ukweli si hukumu ya kifo kama mjomba alivyodhani. Kirusi kinachojulikana kinapangiwa mbinu. Kuna kimoja, saitomegalovirusi, ambacho watu wazima wengi wa kwetu tunacho bila habari. Madaktari wanajua kinahama na figo, basi wanampa mgonjwa dawa ya kukizuia. Homa ya ini B ina chanjo, mgonjwa anaweza kuchanjwa kabla. Kule Cape Town, tangu 2008, Daktari Elmi Muller na wenzake waliwapandikiza wagonjwa wenye virusi vya ukimwi figo za marehemu waliokuwa navyo vile vile, na wagonjwa wakaishi miaka. Siri ya mafanikio ni kwamba kila mtu alijua kilichomo. Kinachoua ni kile kilichofichwa.

Nikamfuata mdogo wangu kwenye mikorosho. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tunarudi Dar, unakwenda kwa daktari, unaingia peke yako. Mimi nitakaa nje."

Akasema, "Kaka, dada akifa je?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu kwamba mimi nisingependa kula chakula cha mtu anayeninyima kuniambia kilichomo. Akainama muda mrefu, akachora chora mchanga kwa kijiti. Kisha akasema twende.

Kikaoni mjomba alinikalia kooni. Akaniita mtoto wa mjini aliyesoma magazeti hadi akasahau ukoo. Alisema nikimzika dada yangu, jembe nilishike mimi. Wasomaji, mjomba kwetu si mtu wa kujibizana naye. Nilikaa kimya, macho chini, nikapokea. Bibi ndiye aliyekohoa kidogo akasema, "Mwache mtoto akaseme." Kikao kikavunjika.

Daktari, nasikia, hakumkaripia. Alimshukuru. Alimwambia wangempima tena kabla ya upasuaji kwa vyovyote, lakini kwa vipimo vingine wiki tatu bado ni changa, na bila kujua tarehe ya Tunduma wangeweza kuliamini jibu lisilostahili kuaminiwa. Akamtoa damu siku ile ile, akampangia kurudia baada ya wiki kadhaa, na ile homa nayo akaiandika. Tarehe ya upasuaji ikaondolewa ubaoni.

Jambo jingine alilomwambia nalitaka mlisikie wote mnaoweza kuombwa figo siku moja. Anayejitolea ana haki ya kujitoa saa yoyote. Na daktari hana haja ya kuwatangazia ndugu sababu. Anaweza kuwaambia tu kwamba kitabibu huyu hafai, au bado, basi, kikao kimefungwa. Kwa hiyo usiniambie ulificha kwa kuogopa mjomba. Mlango wa daktari unafungwa kwa ndani.

Nasi ndugu tujirekebishe. Tukimzunguka kijana watu kumi na tano chini ya mkorosho, tukamwimbia kwamba yeye ndiye mwokozi wa ukoo, tunategemea ataweza kusema kuwa alilala na mtu Tunduma? Tunamziba mdomo wenyewe, halafu likitokea soo tunamlaani.

Nilibaki na kazi moja ngumu, kumwambia dada kwamba tarehe haipo tena. Nilimkuta kwenye mashine, mrija mkononi, kanga begani. Mdogo wangu alitaka aseme mwenyewe, akasema, yote, hata la mpira. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio.

Dada alinyamaza hadi mashine ikawa ndiyo inayoongea peke yake. Kisha akasema, "Mashine nimeshaizoea, nitaisubiri. Ila ningekuja kujua baadaye kwamba ulijua, ningekuwa nakutazama vipi?" Akamshika mkono. Mimi nikaenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hadi naandika hapa majibu ya pili hayajatoka. Dada bado anakwenda mara tatu kwa wiki. Mjomba simu zangu hapokei. Mdogo wangu hajapanda lori tangu siku ile, anasema hataki foleni ya mpakani imkute tena kabla mambo hayajajulikana. Majibu yakiwa mazuri, mjomba atasema, "Si nilisema?" Yakiwa mabaya, sijui atasema nini. Kwangu mimi yote mawili jambo limeshafanyika: dada akipewa figo, atajua anachopewa.

Nanyi vijana wenzangu mnaosoma hii kwenye daladala, mkidhani figo ni mambo ya wazee, haya. Siku moja simu italia, na aliyelala kitandani ni wa tumbo lenu. Utavimba kichwa kwa sifa, utatoa damu, utapewa cheti. Kuanzia siku hiyo mwili wako si wako peke yako. Jichunge. Na ukiteleza, maana binadamu huteleza, mwambie daktari tarehe.

Bibi aliniaga na mfuko wa korosho na swali moja: huyo kidudu wetu wa zamani, bado anaitwa vile vile huko duniani? Nikamwambia ndiyo, bibi, hawajambadili jina. Akaridhika.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na mjomba, kama unasoma, shikamoo.